Nani Aliinua Ule Mguu

Walicheka pale mume wangu alipoanguka.

Ilikuwa mchana, ndani ya kanisa letu la Dzaleka, kambi ya wakimbizi hapa Malawi. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa shitingi za plastiki na vitenge ili mwanga usiingie, na joto lilikuwa sawa na la tanuru ya matofali. Pale mbele, ambapo kwaya husimama, walifunga shuka nyeupe. Filimu ilikuwa imeshaenda kidogo, watu wametulia, akina mama wanajipepea na pindo za vitenge. Halafu kwenye shuka kikatokea kijiti, mtu wa kuchorwa. Kichwa cha mviringo sawa na limau, macho nukta mbili, mikono njiti za kiberiti. Kikaanza kutembea kikichechemea, kinaruka-ruka kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Vikaja vijiti vingine vyenye bunduki. Kile cha kwanza kikaanguka chali, zile nukta za macho zikageuka misalaba, na mguu mmoja ukainuka juu, ukatetemeka, ukabaki umesimama hewani kama mlingoti wa bendera.

Kanisa likapasuka. Batoto kwanza, kisha wakubwa. Pasta alikuwa kwenye kiti cha mbele. Niliona mabega yake yanaruka. Kijana mmoja kule nyuma akapaza sauti, "Huyo alikufa akicheza danse!" wakacheka upya. Na binti yangu, aliyekaa ubavuni mwangu bega lake likigusa langu, naye akacheka. Alicheka vizuri, mkono kwenye mdomo, kama anavyocheka siku zote.

Sauti iliyokuwa inasimulia haikuwa yangu. Waliitoa yangu, wakaweka ya msichana mwenye Kiswahili cha redio. Kwa hiyo mtoto hakuwa na namna ya kujua. Halafu kijiti kikaondoka, na ikaja sura yangu, kubwa, inajaza shuka yote, ninafuta macho na kitenge. Kicheko cha binti yangu kikakatika katikati, sawa na uzi uliokatwa na meno. Akaangalia shuka. Akaniangalia mimi. Tangu utoto wake alikuwa anajua kwamba baba yake alichechemea.

"Mama," akasema polepole, "ile ilikuwa Papa?"

Sikumjibu. Ninaandika hii juu ya lile swali.

Mi sikusoma sana. Nilitolewa shule mapema, kwa hiyo mutanivumilia mahali maneno yamepinda. Majina ya hawa watu ninayajua yote, pamoja na milango yao. Nimeshauriwa nisiyaandike. Basi nitawaita kwa kazi zao: mwenye filimu, mchoraji, na pasta. Wakisoma watajijua.

Wacha nirudi nyuma, juu hasira inanitangulia.

Mume wangu alikuwa fundi wa kujenga kule Bukavu, Kongo. Kwetu nyumba zinakaa kwenye milima kama mbuzi. Ukikosea msingi, nyumba inashuka kumtembelea jirani wa chini. Yeye hakuwa mtu wa karatasi. Mwenye kiwanja akija kumwona, alichuchumaa, akasawazisha udongo kwa kiganja, akachora nyumba na ncha ya mwiko wake. "Hapa mlango. Hapa salon, wageni watakaa. Hapa mama atapikia, moshi utatokea huku." Mistari ilikuwa imepinda, mara nyingine mlango mkubwa kuliko salon. Lakini mwenye kiwanja alikuwa anaingia mle ndani kwa macho, anaanza kubishana mahali pa kitanda. Hakuna aliyecheka ile michoro. Ilikuwa mibaya, na ilikuwa nyumba.

Na mafundi wale aliofundishwa nao walikuwa na desturi yao. Nyumba iliyochorwa chini haikanyagwi. Mukimaliza kusemezana, aliyechora anaifuta mwenyewe, kwa kiganja, taratibu, kuanzia mlango. Haiachwi, kwa maana ikiachwa mtu atapita juu yake. Kuifuta na mguu ilikuwa sawa na kumtukana mwenye nyumba na wote watakaolala ndani. Nilishamwona akimfukuza mwenzake wa kazi, mtu mzima na ndevu zake, juu alikanyaga chumba cha kulala cha mteja.

Mguu wake wa kuume ulikuwa mfupi. Alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti kabla hatujaoana, mfupa ukaunga vibaya. Mi nilikuwa ninamtania, "Weye unatembea sawa na mutu anayesalimia kila mutu njiani." Anajibu, "Njo maana bantu bananipenda." Ule ulikuwa utani wa nyumbani, ulikuwa na ruhusa. Mtu wa nje hakuwa na ruhusa ile.

Asubuhi ya mwisho tulikuwa uani. Tumbo langu lilikuwa limeshatoka mbele. Alisawazisha udongo, akachora chumba. Chumba cha mtoto, cha kuongeza upande wa jua la asubuhi. Tukabishana juu ya dirisha. Mi nilitaka dogo kwa sababu ya baridi, yeye alitaka kubwa. "Mutoto wangu ataona ziwa akiwa amelala," alisema. Hatukumaliza kubishana. Wenye bunduki waliingia kwa njia ya mgombani. Yeye akasimama, akawasalimia, juu alikuwa mtu wa kusalimia. Wakampiga risasi. Akaanguka pale pale, ndani ya kile chumba cha mtoto. Alilala ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, kama anavyolala kila siku. Mguu wake haukuinuka. Viatu vyao vikapita juu ya mistari, juu ya mlango, juu ya dirisha kubwa, wakaingia nyumbani kutafuta vitu.

Nilikimbia na tumbo na kitenge nilichovaa. Picha ya harusi ilibaki, na nyumba ikachomwa. Binti alizaliwa njiani, akakulia hapa. Kwake baba hakuwa na sura. Akiwa mdogo aliniuliza, "Papa alifanana na nani?" Nikamwambia ajiangalie paji la uso kwenye kioo. "Na chini ya paji?" Nikatafuta maneno, nikakosa. Mtu akikuuliza sura ya mume wako, jaribu kuisema. Utasema alikuwa mweusi, alikuwa na pua, na utasikia aibu. Nilimwambia mguu. Nilimwambia kazi. Kile chumba sikumwambia. Kila nikianza, maneno yanakatika.

Njo hapo akaja mwenye filimu.

Huyu si mgeni. Ni kijana wa kwetu, amekula bugali kwenye sahani zangu alipokuwa anakua hapa kambini. Akapata bahati, akasomea mambo ya kamera, akarudi na gari la shirika linalolipia filimu na kofia ya kugeuza nyuma. Akaja kwangu na heshima zote.

"Mama, tunatengeneza filimu juu ya bale balibaki bazima mu vita. Filimu serieuse. Haiko ya kucheza."

Nilimwambia sitaki. Akaja tena na sukari. Nikamwambia sitaki, acha sukari. Akacheka. Halafu akasema kitu ambacho kilinishika: "Mama, binti yako hajui baba yake alikufa aje. Weye huwezi kumwambia uso kwa uso. Ambia kamera. Yeye ataiona siku moja, ameketi, ametulia, na haitapotea."

Nilifikiri juu ya lile neno siku nyingi. Haitapotea. Mtoto asiye na picha ya baba yake, na mtu anakuambia haitapotea. Pasta naye akaniambia nikiisema nitaitoa rohoni. Nikakubali.

Wakaja na vyuma vyao, wakaviweka nyuma ya nyumba yangu, pale ninapoanikia mihogo. Nikaanza kusema. Nilipofika kwenye kile chumba, maneno yakakatika kama siku zote. Mwenye filimu akaninong'onezea, "Pole pole, Mama." Nikashuka kutoka kwenye kiti, nikachuchumaa, nikasawazisha udongo kwa kiganja. Nikachora na kijiko. Hapa ukuta wa zamani. Hapa mlango. Hapa dirisha, na nilichora lile kubwa, lake. Hapa kichwa chake kilikuwa. Na maneno yakatoka. Mkono ulivyokuwa unachora, mdomo ukafunguka. Nilisema yote mpaka mwisho. Kisha nikafuta, taratibu, kuanzia mlango, na hakuna aliyekanyaga. Hata kijana wa kushika kamera alikuwa analia.

Baada ya wiki chache mwenye filimu alirudi na kompyuta, akatuonyesha jaribio pale uani. Binti alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. "Bora," akasema mwenye filimu, "ataona yote siku ya kanisa." Mi nilikaa na jirani yangu, mama wa Rwanda anayekaanga mandasi, na wanawake wengine wawili watatu waliosimama na ndoo zao. Kilikuwa kipande kifupi. Mkono wangu, kijiko, udongo mwekundu, sauti yangu yenye mikwaruzo. Mistari imepinda vibaya sana, juu mi si fundi. Hakuna aliyecheka. Mkono ulipofuta dirisha, mama mmoja aliweka ndoo yake chini, akaenda zake bila kuaga, akasahau ndoo.

Nikamwambia mwenye filimu, "Ni vile. Iache vile vile."

Akanijibu, "Ni vile, Mama." Niliyasikia kwa masikio yangu.

Basi ile siku ya kanisa, kati ya jaribio na shuka, ule mkono ulikwenda wapi? Udongo ulikwenda wapi?

Watu walipotoka nje, pasta alinishika mkono mlangoni. Yeye njo aliyefungua kwa maombi, akasema filimu hii italeta uponyaji. Nikamwambia, "Pasta, ulicheka."

"Mama, nilicheka desene, ule muchoro. Sikumucheka baba."

"Desene ilikuwa ya nani?"

"Mama, filimu ni filimu. Usiipeleke rohoni."

"Weye njo uliniambia niitoe rohoni! Sasa niipeleke wapi?"

Akaangalia saa yake. Watu wa shirika walikuwa wanamsubiri na soda.

Jioni jirani yangu akaja na mandasi kwenye karatasi, akaketi kwenye kizingiti. Yeye pia yuko ndani ya ile filimu, na kipande chake pia kilikuwa cha kuchora. Nilitaka tulie pamoja. Akaniudhi.

"Miye ile michoro ilinisaidia," alisema.

"Nini?"

"Usinitolee macho. Miye niko nasema yangu. Nilikuwa mutoto wakati ule wa mauaji ya kwetu. Hawa ba filimu balinipa kalamu, nikachora nyumba yetu na njia, vile minakumbuka. Mti mukubwa kuliko nyumba. Bantu hakuna, viatu tu njiani. Yule muchoraji alichukua karatasi yangu akaitembeza tu. Kama bangeleta bantu bazima bajifanye kufa na rangi nyekundu, ningetoka. Ile ya kuchora, nilikaa. Niliangalia mpaka mwisho."

"Na kwangu ulicheka?"

Akabinua mdomo. "Kidogo," akasema. "Ule muguu, dada. Nilichekea tumboni. Unisamehe."

Nilimrudishia mandasi yake. Alikwenda nayo, kisha akarudi akaiacha kwenye dirisha. Huyu sijamweka kati ya wakosaji, juu ni yeye peke yake aliyesema ukweli siku ile. Na neno lake lilinikeresha usiku na mchana, juu lilikuwa na maana. Michoro yake ilikuwa ya hovyo kuliko yangu. Nyumba imelala upande, mti sawa na uyoga. Kanisa zima lilinyamaza ilipopita. Basi ubaya wa kuchora sio uliowachekesha watu. Kama ungekuwa ubaya, wangemcheka na yeye, na wale wateja wa mume wangu wangecheka kila siku ya kazi.

Vijana hawakuchelewa. Kabla ya Jumapili kulikuwa na namna mpya ya kutembea hapa kambini. Ninapita sokoni na beseni yangu, mmoja anaanza kuruka-ruka mbele yangu, mwenzake anapiga bunduki ya mdomo, huyu anajitupa chali na kuinua mguu. Wanaanguka wanacheka. Wengine hawakujua kwamba mi njo mwenye yule mtu. Wengine walijua. Binti yangu wakamwita Mutoto wa Kijiti. Akaacha kwaya. Yeye ambaye sauti yake ilikuwa inafungua ibada, sasa Jumapili anafua nguo.

Nikachukua karatasi ya ruhusa ya kutoka kambini, nikapanda kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, mpaka barabarani, kisha minibasi ya Lilongwe. Nilikuwa nimepata habari kwamba mchoraji anakaa kule, mtaa wa Area 23. Kondakta akaniuliza kwa Chichewa ninakwenda kuuza nini. Nikamwambia, kuuza matusi. Akasema, "Amayi," ndivyo wanavyoita mama, "matusi hata hapa ndani tunanunua," abiria wakacheka, na mi nikajikuta ninakaribia kucheka, nikajikasirikia.

Mchoraji ni Mmalawi, kijana mwembamba, anapanga chumba nyuma ya kinyozi. Nilimkuta ameinama kwenye meza, simu yake imesimamishwa kwenye tofali, inaangalia karatasi chini. Anachora, anapiga picha, anachora tena kidogo pembeni, anapiga picha. Hivyo njo wanavyotembea. Nilijitambulisha kwa Chichewa yangu ya sokoni: mi ni mke wa yule uliyemwinua mguu.

Alisimama. Akatoa kofia. "Pepani, amayi," akasema, na nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa pole.

"Ulisikia sauti yangu?" nikamuuliza.

"Sauti gani, amayi?"

"Ninaposimulia."

"Hawakunipa sauti."

"Walikupa nini?"

Akafungua simu, akanisomea ujumbe wa mwenye filimu. Mwanaume anachechemea. Wanajeshi wanakuja. Mwanaume anaanguka. Ifanye nyepesi, vijana wasiogope. Basi. Maisha ya mume wangu yote yalikuwa yameingia kwenye ujumbe mfupi kuliko ule ninaomtumia mtu wa mkaa.

"Na mguu?" nikasema. "Nani alikuambia mguu uinuke?"

Akakuna kichwa. Akasema mara ya kwanza alimlaza tu. Akanitafutia ile karatasi, na kweli iko. Kijiti kimelala, basi, kimya. Mwenye filimu aliirudisha akisema imekufa sana, watu watasinzia, ongeza kitu kidogo mwishoni. "Mkono wangu ukaleta kile ulichozoea, amayi. Katuni zote wanaanguka vile."

"Mkono wako haukuuliza huyu ni nani?"

Kinyozi alikuwa ameacha mashine yake, anasikiliza kupitia ukuta wa bati. Nikachuchumaa kwenye sakafu ya yule kijana, na pale mlangoni ambapo sementi imevunjika kuna udongo, nikamchorea kile chumba. Mlango. Dirisha. Alivyolala, ubavu, mkono chini ya shavu. Alikaa chini na mi. Akataka kupiga picha. Nikamkataza, nikafuta. Akasema anaweza kuchora upya, hata kesho, hata bila mtu kumwomba. "Lakini filimu sio yangu," akasema. "Mwenyewe akinipigia tu, nitafanya."

Sijamtoa huyu kwenye hesabu ya wakosaji. Mtu anayechora kifo bila kuuliza jina la maiti, hata akivua kofia, amekosa. Lakini alivua kofia.

Mwenye filimu nilimkamata siku alipokuja kambini na wageni wake. Alikuwa ameegemea gari karibu na soko, vijana wamemzunguka. Aliponiona akafungua mikono.

"Mama yangu!"

"Mimi sio mama yako leo. Nani aliinua ule mguu?"

Vijana wakacheka. Yeye akawanyamazisha na kidole, akanivuta pembeni, akashusha sauti kama mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Mama, ile ni stile, mutindo tu. Desene ya mukono, ya kuvunjika-vunjika, njo inasaidia. Kama ningeweka bantu baigize, ungezimia mule kanisani. Desene inafanya bantu bavumilie."

"Nani alikuomba bavumilie?"

"Mama—"

"Mi nilikuwa ninataka washindwe kuvumilia. Mi mwenyewe sikuvumilia, nilikimbia nchi! Weye ukaona wao wakae kitako, wacheke?"

Akajaribu njia nyingine. "Bon. Hata weye, Mama, ulifuta mbio. Ungeacha ule muchoro pale chini, tungeuchukua vizuri kutoka juu. Bale bakubwa bangu ba shirika balisema mukono unafuta, bantu hawataona kitu. Nikatafuta kingine. Kama hungefuta..."

Nilimwangalia huyu mtoto wa Bukavu. Baba yake mzazi alikuwa anawapakia mafundi mchanga, kwenye viwanja vile vile vya mume wangu. Ameruka ile michoro tangu anajifunza kutembea; amepigwa kofi juu ya kuikanyaga. Anajua kabisa kwa nini nilifuta. Mchoraji wa Area 23 hawezi kujua. Mzungu wa shirika hawezi kujua. Huyu anajua. Na ule mkono unaofuta njo ulikuwa filimu yenyewe. Njo uliomfanya yule mama asahau ndoo. Alikuwa nao mikononi, akautupa, akachukua mguu.

"Mchoraji amesema atachora upya," nikamwambia. "Au rudisha mkono wangu. Ile ya jaribio unayo."

"Filimu imeshafungwa, Mama. Imeshaanza kutembea. Inakwenda mbali. Bantu banaipenda."

"Inakwenda na mguu juu?"

Akaingia kwenye gari. Aliposhusha kioo nilidhani atasema kitu. Akasema, "Salimia binti."

Nilimsalimia. Nilimwita uani, pale penye mihogo, nikamwambia aketi. Nikasawazisha udongo. Nikachora ukuta, mlango, dirisha kubwa la kuona ziwa. Nikamwambia, hiki ni chumba chako, hapa njo Papa alilala, hivi, mkono chini ya shavu. Maneno hayakukatika. Kwa mara ya kwanza nilimwambia mtoto wangu uso kwa uso, bila kamera ya mtu. Alisikiliza yote. Alilala hata yeye kidogo upande, bila kujua, akiangalia mistari. Nikafikiri, Mungu, nimempata.

Akakaa. Akasema, "Mama, minakuamini. Lakini nikifunga macho, minaona ile ingine."

"Ipi?"

"Ile ya muguu. Na minasikia miye mwenyewe niko nacheka."

Akafuta chumba chake kwa kiganja, kuanzia mlango. Sikumfundisha. Halafu akainuka akaenda kuchota maji.

Sasa nisikilizeni, nyinyi watatu.

Pasta, ile shuka ilifungwa mbele ya madhabahu yako, na mabega yako yaliruka. Siku ya Jumapili, kabla ya mahubiri, simama pale pale uwaambie watu yule aliyeanguka alikuwa nani, na kwamba ulicheka. Wana kwaya wakusikie. Kisha mwite binti yangu arudi mahali pake, weye mwenyewe kwa miguu yako, sio kwa kutuma shemasi.

Mchoraji, lete ile karatasi ya kwanza, ya mtu aliyelala. Ulisema utachora upya ukiitwa. Mi ninakuita.

Na weye, mwenye filimu. Uliniahidi kwamba haitapotea, na kweli haijapotea: imekaa ndani ya kichwa cha mtoto wangu, mguu juu, na mi siwezi kuifuta, juu mi siye niliyeichora. Aliyechora njo anayefuta. Unaijua ile desturi. Mpaka uje, popote unapofungua hiyo shuka, kwa wazungu au kwa weusi, ukate kile kijiti, hata pakibaki giza tupu. Kisha urudi na hiyo filimu yako, uzibe madirisha ya lile kanisa, uwaite walewale waliocheka, uonyeshe mkono wangu na udongo wangu mpaka mwisho. Halafu washa taa, simama mbele ya binti yangu, umwambie kwa mdomo wako ni nani aliinua ule mguu, na kwa nini.

Sitaki ujumbe kwenye simu. Sitaki sukari. Nyumba yangu unaijua, ulikula pale. Njoo ujibu.